Anuarite, Binti wa Wamba

Ukisimama mpakani Tunduma utaona malori mengi. Mengine yanakwenda Zambia. Mengine yanapita Zambia mpaka Kongo. Kongo ni nchi kubwa sana. Malori mengi yanayopita kwetu huishia upande wake wa kusini, kwenye migodi ya shaba. Habari tutakayosoma ilitokea upande mwingine, mbali sana, kaskazini-mashariki ya nchi hiyo. Huko kuna misitu mikubwa, na kuna miji inayoitwa Wamba na Isiro. Hata huko Kiswahili kinasemwa.

Jina la Anuarite wengi wenu mmelisikia. Ziko jumuiya za Wakatoliki zenye jina lake, na ziko shule. Lakini ukiuliza alikuwa nani, mara nyingi utajibiwa tu kwamba aliuawa. Ni kweli, aliuawa. Lakini kuuawa kulikuwa jambo la usiku mmoja, na maisha yake yalikuwa ya karibu miaka 25. Tuanze nyumbani kwao.

Anuarite alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939. Baba yake aliitwa Amisi. Mama yake aliitwa Isude. Walikuwa watu wa kabila la Wabudu. Walipata watoto sita, wote wa kike. Anuarite alikuwa wa nne. Jina alilopewa nyumbani lilikuwa Nengapeta. Mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama yake na baadhi ya dada zake, akaitwa Alfonsina.

Basi jina Anuarite lilitoka wapi? Lilikuwa jina la dada yake. Siku Nengapeta alipoandikishwa shuleni, jina la dada liliandikwa katika daftari mahali pa jina lake. Halikusahihishwa tena. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua jinsi jina linavyoweza kukosewa na mwenye kalamu, na mwenye jina asijue. Yeye aliishi na kosa hilo maisha yake yote, na leo dunia inamjua kwa jina hilo.

Amisi alitaka mtoto wa kiume. Kila mara alipozaliwa binti, moyo wake ulipungua. Mwisho alimwacha Isude akaoa mwanamke mwingine. Jambo hili si geni katika vijiji vyetu. Wako akina mama wanaosemwa vibaya, au kurudishwa kwao, kwa sababu wamezaa wasichana watupu. Wataalamu wa afya wanatufundisha kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Mama hana kosa lo lote. Lakini Isude hakuwa na mtu wa kumweleza hivyo, wala Amisi hakuelezwa.

Anuarite aliumia kuona mama yake ameachwa. Hata hivyo hakumchukia baba yake. Alimsamehe, akaendelea kumheshimu kama baba. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipoanza kujifunza kusamehe, nyumbani, akiwa bado mtoto. Kusamehe kwake kwa mwisho kunajulikana sana. Huku kwa kwanza hakutajwi mara nyingi.

Shuleni alifundishwa na masista. Akapenda kuwa kama wao. Mama yake alikataa. Tusimlaumu mama huyo. Mume alikwisha ondoka, naye alihitaji msaada wa binti zake. Basi siku moja lori la misheni lilikuja kuchukua wasichana waliotaka kuwa masista. Anuarite alijipenyeza ndani ya lori bila kuaga, akaenda nao mpaka misheni ya Bafwabaka. Mama alimtafuta siku kadhaa kabla ya kujua alikokwenda. Baadaye alimkubalia.

Shirika aliloingia lilikuwa la masista Waafrika. Liliitwa Jamaa Takatifu, maana yake ni familia ya Yesu, Maria na Yosefu. Basi binti ambaye nyumba ya wazazi wake ilivunjika aliingia katika nyumba yenye jina la familia. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri. Nadhiri ni ahadi anayopewa Mungu. Masista huahidi kutoolewa, kutokuwa na mali yao wenyewe, na kuwatii wakubwa wao. Siku hiyo alipewa jina la kitawa, Maria Klementina. Wazazi wake walifika wote wawili, wakatoa mbuzi wawili kwa shirika. Ukikumbuka yaliyopita, utajua kwamba mbuzi wale hawakuwa zawadi ndogo.

Sista Anuarite hakuwa mtu wa kukaa bure. Alifundisha watoto wa shule ya msingi, akawaangalia wasichana wa bweni, akapika, akatunza vyombo vya kanisa. Kazi ambazo wengine walizikwepa, yeye alizishika.

Alimpenda sana Bikira Maria. Wasomaji wetu wa madhehebu mengine, kama ndugu zetu Wamoravian wa Mbozi, huenda watauliza habari ya jambo hili. Wakatoliki hawamwabudu Maria. Wanamheshimu kwa kuwa ni mama wa Yesu, na wanamwomba awaombee kwa Mungu. Husali rozari, yaani sala zinazohesabiwa kwa ushanga. Anuarite alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria, ya kutosha mfukoni. Ikumbukeni sanamu hiyo.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Fujo zilianza upesi. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki. Wengi walikuwa vijana. Waliamini kwamba dawa yao itageuza risasi kuwa maji, kama wazee wetu walivyoamini katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwezi Novemba mwaka huo walianza kushindwa, nao wakazidi kuwa wakali.

Tarehe 29 Novemba 1964 lori la waasi lilifika Bafwabaka. Masista waliambiwa kwamba wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Wakapanda. Lakini lori lilibadili njia, likaelekea Isiro. Njiani waasi waliwanyang'anya masista misalaba na rozari. Sanamu iliyokuwa mfukoni mwa Anuarite haikuonekana.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba walikuwa Isiro, katika nyumba ya waasi. Mkubwa mmoja wa waasi, Kanali Ngalo, alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa. Mama mkubwa wa masista alijaribu kumtetea, asisikilizwe. Kisha mkubwa mwingine, Kanali Olombe, alijaribu kumchukua kwa nguvu pamoja na sista mwenzake. Aliwapiga kwa bunduki. Yule mwenzake alivunjika mkono akazimia. Anuarite aliogopa, maana alikuwa mtu kama sisi, lakini alijibu kwamba afadhali kufa kuliko kuivunja ahadi yake. Akiwa katika kupigwa alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui atendalo. Olombe aliwaita askari wake wakamchoma kwa singe, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Alikufa karibu saa saba ya usiku. Zilibaki wiki nne tu atimize miaka 25.

Alizikwa katika kaburi moja na maiti wengine, bila alama. Miezi kadhaa baadaye, vita vilipotulia, kaburi lilifukuliwa ili masista wamzike kwa heshima. Watu hawakuweza kumtambua kwa sura. Walimtambua kwa ile sanamu ndogo ya Bikira Maria, kwa sababu ilikuwa ingali mfukoni mwake. Alizikwa upya hapo hapo Isiro.

Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa Kinshasa, mji mkuu wa nchi hiyo, iliyoitwa Zaire wakati ule. Mbele ya umati mkubwa alimtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kibantu kupewa heshima hiyo. Papa pia alitangaza kwamba Kanisa lote linamsamehe mtu aliyemwua, kama Anuarite mwenyewe alivyokwisha kumsamehe. Siku iliyochaguliwa ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Na tangu hapo Wakatoliki humkumbuka binti wa nne wa Amisi na Isude kila mwaka, tarehe 1 Desemba.