Sidi Mubarak Bombay: Mtoto Aliyeuzwa, Mzee Aliyevuka Bara

Neno "haiwezekani" hutamkwa upesi. Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema kuwasimulia waumini wa hekalu letu na majirani zetu maisha ya mtu mmoja aliyewahi kusimama katika ufuko huu wa Mwanza, kwa kuwa maisha yake yanalipima neno hilo kuliko hoja nyingi.

Mtu huyo alijulikana kwa jina la Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, na mama yake alifariki angali mchanga. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, wafanyabiashara wenye silaha walikizingira kijiji chao wakidai deni la zamani. Waliokamatwa walipelekwa Kilwa, wakauzwa kwa nguo. Mtoto yule alipitishwa Unguja, kisha akavushwa bahari hadi India ya magharibi, akamtumikia bwana wake huko kwa miaka mingi. Huko ndiko alikojifunza Kihindustani, na huko ndiko lilikotoka jina lake: Sidi, kama waitwavyo India watu wenye asili ya Afrika, na Bombay, jina la mji. Bwana wake alipofariki, akawa huru. Wengi wa waliochukuliwa hivyo hawakuiona tena Afrika. Yeye alipanda chombo, akarudi Unguja, akaajiriwa kuwa askari wa Sultani.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika pwani wakitafuta maziwa ya bara. Bombay alijiunga nao. Speke alikuwa amewahi kuwa afisa wa jeshi nchini India. Hakujua Kiswahili, lakini Kihindustani alikijua, na Bombay pia. Basi lugha iliyovuka bahari pamoja na mtumwa ikawa daraja la msafara.

Mwezi Agosti 1858 Speke na Bombay walifika Mwanza, wakapanda kilima, wakayaona maji. Kila swali la Speke lilitoka kwa Kihindustani, likageuzwa na Bombay kuwa Kiswahili, kisha likawafikia wenyeji. Na majibu yalirudi kwa njia hiyohiyo. Mtu mmoja aliyetembea sana alipoulizwa ziwa lafika wapi, alielekea kaskazini, akaalisha vidole, akaeleza kuwa hakuna ajuaye; huenda lafika mwisho wa dunia. Speke akaamini kuwa hapa ndipo chanzo cha Nile. Burton, aliyebaki Kazeh, Tabora ya leo, akiwa mgonjwa, hakukubali: safari ya siku chache ufukoni haikumtosha kuwa ushahidi.

Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na James Grant, na Bombay akawa pamoja nao. Haikuwa safari ya heshima siku zote. Njiani Speke alimpiga usoni mbele ya wenzake. Bombay akaiacha kazi, hata baadaye wakapatana. Julai 1862 waliufikia mto Nile. Speke alimwambia kwa mzaha kuwa sasa inampasa kunyoa nywele na kuoga katika mto mtakatifu. Bombay, aliyekuwa Mwislamu, alimjibu kwa utulivu kuwa watu wa dini yake hawayatazami mambo hayo kwa jicho hilo. Sisi tunaoiheshimu mito hatuna sababu ya kulichukia jibu lile. Lilikuwa la mtu anayejijua. Msafara uliufuata mto hadi Misri mwaka 1863, na Shirika la Kijiografia la London likamtunukia Bombay nishani ya fedha.

Mwaka 1871 alikuwa kiongozi wa askari wa Henry Morton Stanley, aliyemkuta Livingstone Ujiji. Mwaka 1873 aliondoka Bagamoyo pamoja na Verney Lovett Cameron, na mnamo Novemba 1875 wakatokea pwani ya Atlantiki, katika nchi ya Angola. Mtoto aliyeuzwa kwa nguo alikuwa amelivuka bara kutoka bahari hadi bahari, kwa miguu. Shirika lile lilimpa malipo ya uzeeni, naye akafariki mwaka 1885.

Je, tuseme basi kwamba hakuna lisilowezekana? Maisha haya hayaturuhusu kusema hivyo. Umbali ulishindwa, na bahari ilishindwa. Lakini jina alilopewa na wazazi wake halimo katika habari zake tulizoachiwa, na nyumba ile ya Uyao haikurudishwa kama ilivyokuwa kabla ya siku ya uvamizi. Njia ngumu mwanadamu huweza kuimaliza, hatua kwa hatua. Utoto ulioibwa hakuna awezaye kuurudisha, hata kwa nishani.

Kwa hiyo yafaa tulitumie neno lile kwa uangalifu. Tusilitumie kwa kazi iliyo mbele yetu kwa sababu tu ni ndefu. Tulihifadhi kwa madhara yasiyoweza kutenguliwa, ili tuogope kuyatenda kabla hatujayatenda. Anayepanda miamba ya Mwanza jioni na kutazama kaskazini anatazama maji yaleyale aliyoyaona Bombay. Na amkumbuke.