Tom Mboya: Baina ya Rusinga na Harlem

Msafiri atokaye Migori kwenda Mbita hupitia Rongo, akateremka hadi Homa Bay, kisha akaifuata kingo ya Ziwa Viktoria mpaka hapo daraja linapokiunganisha kisiwa cha Rusinga na bara. Kisiwani humo kuna kaburi lililojengwa kwa umbo la risasi. Mwandishi wa makala haya alifika hapo kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi wa sekondari, akidhani amekuja kumwona shujaa wa Waluo. Aliondoka na swali ambalo halikumtoka hadi leo: ilikuwaje mwana wa wavuvi na wakulima wa kisiwa kidogo kama hiki akahusika, tena kwa kina, katika mageuzi yaliyoitikisa Marekani katika miaka ya sitini?

Thomas Joseph Odhiambo Mboya hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako babake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara. Mamake aliitwa Marcella Onyango. Wote wawili walikuwa watu wa Rusinga, kisiwa kilichokuwa sehemu ya wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo baadaye iligawanywa na kutupatia, miongoni mwa nyinginezo, Homa Bay na Migori za leo. Kuzaliwa ugenini kulimfaa kuliko urithi wa ng'ombe. Alikua miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu, akazijua lugha zao pamoja na Kiswahili na Kidholuo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kulizingatia jambo hili, kwa kuwa uongozi wake wa wafanyakazi usingeliwezekana bila lugha inayoeleweka na kuli wa Mombasa sawasawa na mfagiaji wa Nairobi.

Alisoma Kabaa huko Ukambani, akaenda St Mary's Yala, kisha Mang'u. Karo ilikuwa mzigo usiobebeka kwa mnyapara mwenye watoto kadhaa, na mwaka wa 1947 masomo yake ya sekondari yalikoma. Akajiunga na chuo cha Jeanes, Kabete, akafuzu kuwa mkaguzi wa afya, na akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko ndiko alikokutana na ubaguzi uso kwa uso, kwa maana mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu kwa kazi ile ile. Mwaka wa 1952 alishiriki kuunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini.

Yafaa tukumbuke hali ilivyokuwa. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa kizuizini, na chama cha KAU kikapigwa marufuku mwaka wa 1953. Vyama vya wafanyakazi vilibaki kuwa mlango pekee ulioachwa wazi nusu. Mboya aliupitia mlango huo kwa uangalifu mkubwa. Mwaka wa 1955 alisaidia kuutatua mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, na jina lake likavuma pwani na bara. Mwaka huo huo alikwenda Uingereza kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford, kwa mwaka mmoja.

Kabla ya kurejea nyumbani alipitia Marekani, mwaka wa 1956. Hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia. Alizungumza na viongozi wa wafanyakazi, wanavyuo na makanisa, na shirikisho la wafanyakazi la nchi hiyo likatoa dola 35,000 za kujengea makao makuu ya wafanyakazi wa Kenya jijini Nairobi. Wapinzani wake hawakuusahau mchango huo. Maisha yake yote waliudondoa kila walipotaka kumwonyesha kuwa kibaraka wa Wamarekani. Ni kweli kwamba alipokea fedha za nje, na ni kweli pia kwamba Jaramogi Oginga Odinga, hasimu wake mkubwa, alipokea msaada wa nchi za Mashariki na kupeleka vijana kusoma huko. Katika vita baridi hapakuwa na mfuko usio na mwenyewe.

Mnamo Machi 1957 Mboya alichaguliwa kuwa mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, akimshinda wakili Argwings-Kodhek. Desemba 1958, huko Accra, aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima akiwa na miaka 28 tu. Hata hivyo, lililomsumbua zaidi lilikuwa elimu. Uhuru ulikuwa ukikaribia ilhali Waafrika wa Kenya wenye shahada walikuwa wachache mno. Makerere ilipokea wachache, na nafasi za Uingereza zilikuwa za kuhesabika. Vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kutoa ufadhili wa masomo, lakini kijana aliyeupata ufadhili angefikaje huko? Nauli ya ndege ilizidi mapato ya ukoo mzima. Suluhisho la Mboya lilikuwa sahili: badala ya kila mmoja kununua tiketi yake, ikodiwe ndege nzima.

Katika ziara yake ya Aprili na Mei 1959 alizunguka Marekani akihutubia na kuomba. Chuo Kikuu cha Howard kilimtunuku shahada ya heshima. Mfanyabiashara William Scheinman na wenzake wakaanzisha wakfu wa kushughulikia safari za wanafunzi, na waliotia sahihi ombi la michango ni watu ambao Mmarekani yeyote aliwajua: mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Tarehe 13 Mei mjini Atlanta iliandaliwa karamu kwa heshima yake, na mwenyeji wake alikuwa mchungaji Martin Luther King. King aliona kwamba mapambano ya Mwafrika dhidi ya mkoloni na mapambano ya Mmarekani Mweusi dhidi ya ubaguzi ni mamoja, na shirika lake likakubali kumsaidia mwanafunzi wa Kenya aliyekwenda Tuskegee, Alabama.

Huku nyumbani, vijijini, watu walifanya michango na karamu za chai. Mbuzi waliuzwa ili kijana apate suti na pesa za mfukoni. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81.

Nchi waliyoifikia haikuwa paradiso. Alabama ya mwaka ule ilikuwa na viti vya weupe na viti vya weusi katika mabasi na mikahawa. Februari 1960, miezi mitano tu baada ya ndege ile kutua, wanafunzi wanne weusi waliketi katika mkahawa wa Greensboro, North Carolina, wakakataa kuondoka, na vuguvugu likaenea katika majimbo ya Kusini. Wakenya wale walikuja kujifunza uchumi na uhandisi, wakajikuta pia katika darasa la haki za kiraia ambalo hakuna aliyelipia karo yake.

Ndege za mwaka wa 1960 zilikosa fedha. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilikuwa imekataa kusaidia. Tarehe 26 Julai Mboya alimtembelea seneta John F. Kennedy, aliyekuwa mgombea wa urais, nyumbani kwake Hyannis Port, na wakfu wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Upande wa Richard Nixon ulipopata habari, ghafla serikali nayo ikazipata dola 100,000! Zogo likazuka katika Seneti kuhusu nani anayenunua kura kwa mgongo wa Waafrika. Wakfu ulishikilia fedha za Kennedy. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwemo Wangari Maathai, aliyekwenda Kansas, na aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka wa 2004. Kufikia mwaka wa 1963 vijana wapatao 800 wa Afrika Mashariki na jirani zake walikuwa wamenufaika. Pamela Odede, aliyesomea Ohio, alirudi na kuolewa na Mboya mnamo Januari 1962.

Urafiki huo ulikuwa na njia mbili. Katika mazungumzo ya katiba jijini London mwaka wa 1960, wajumbe Waafrika walishauriwa na Thurgood Marshall, wakili Mmarekani Mweusi aliyeshinda kesi ya kukomesha ubaguzi wa shule, ambaye Mboya ndiye aliyemwalika. Marshall ndiye aliyeandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya.

Uhuru ulipopatikana, Mboya alikuwa waziri wa sheria na katiba, na kuanzia Desemba 1964 waziri wa mipango ya uchumi. Mwaka wa 1965 alitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulipendekeza fedha za maendeleo zielekezwe kule zitakakozaa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Ni vigumu kwa mtu wa Migori au Homa Bay kuusoma bila kukunja uso, kwani penye barabara na umeme hapakuwa kwetu. Mmoja wa waliouhakiki mwaka ule ule, tena katika jarida, alikuwa Barack Obama, mzaliwa wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, aliyesomea Hawaii na Harvard na ambaye mwanawe alikuja kuwa rais wa Marekani mwaka wa 2009. Obama aliuliza ujamaa huu uko wapi ikiwa mali itabaki mikononi mwa wachache. Kwa maoni yangu Obama alikuwa na hoja nzito zaidi, na Mboya, mwerevu jinsi alivyokuwa, alizichukua takwimu kama kwamba hazina makabila wala mipaka. Mwaka wa 1966, katika mkutano wa Limuru, alishiriki pia kumng'oa Odinga katika uongozi wa KANU, bila kutambua kuwa alikuwa anaibomoa ngome iliyomkinga yeye mwenyewe.

Machi 1969 alirudi Harlem, New York. King alikuwa ameuawa Aprili mwaka uliotangulia, na vijana wengi weusi walikuwa wamechoka na subira. Wengine walitaka warejee Afrika kwa pamoja na kupewa uraia. Mboya aliwaambia wazi kwamba haiwezekani. Alishikilia kwamba haki yao waidai pale pale walipozaliwa na kumwaga jasho, na kwamba Afrika maskini haiwezi kuwa kimbilio. Baadhi ya wasikilizaji walimzomea na kumrushia mayai. Mtu aliyepokewa kama ndugu miaka kumi kabla alionekana sasa kama msaliti. Aliporudi aliandika makala ndefu ya kuwajibu, akifafanua kwamba Mwafrika anayetembea pekupeku hafanyi hivyo kwa kuenzi mila bali kwa sababu hana viatu.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, Mboya alitoka katika duka la dawa katika barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Obama, aliyekutana naye barabarani muda mfupi kabla, alitoa ushahidi mahakamani. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kifo, na serikali ikatangaza mwezi wa Novemba kwamba amenyongwa. Aliyemtuma, kama alitumwa, hakutajwa. Wakati wa misa ya wafu jijini Nairobi umati uliupiga mawe msafara wa Kenyatta, na Oktoba mwaka huo damu ikamwagika Kisumu, chama cha KPU kikapigwa marufuku na Odinga akatiwa kizuizini. Jeneza lilisafirishwa kwa barabara hadi Nyanza, watu wakiomboleza njia nzima, hadi Rusinga.

Makala yale aliyowaandikia Wamarekani Weusi yalikuwa bado kiwandani kwa mchapishaji. Yalitoka katika jarida la New York Times siku ya Jumapili, tarehe 13 Julai, siku nane baada ya mwandishi wake kuuawa.