Al-Khwarizmi: Aljebra na Mafungu ya Mirathi

Wasomi wanaokutana katika warsha za aljebra dhahania na nadharia ya kompyuta hutamka kila siku maneno mawili yanayotokana na mtu mmoja. Aljebra ni neno la anwani ya kitabu chake. Algorithimu ni jina lake mwenyewe, lililopindwa na ndimi za Walatini. Mtu huyo ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi.

Alizaliwa yapata mwaka 780. Nisba yake yaelekeza Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral. Kazi zake alizifanyia Baghdad, katika Baitul Hikma, zama za Khalifa Al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Aliandika juu ya nyota, juu ya ramani ya dunia na juu ya tarakimu za Wahindi. Khalifa ndiye aliyemhimiza atunge kitabu kifupi cha al-jabr na al-muqabala.

Al-jabr ni kuunga, kama uungwavyo mfupa: kilichopungua upande mmoja hurudishwa kwa kuongeza pande zote mbili. Al-muqabala ni kukabilisha, yaani kufuta kinacholingana huku na huku. Hakutumia herufi wala alama. Kila kitu alikieleza kwa maneno. Milinganyo aliigawa aina sita, na kila aina akaipa hatua zake, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo mtaalamu wa kompyuta anapomtambua babu yake.

Lakini wengi humsifu kwa kompyuta wakasahau kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho ni wasia na mirathi.

Tuchukue mfano wa Kilambo, kando ya Mto Ruvuma. Mzee amefariki, ameacha minazi 390, mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Ameusia pia kwamba rafiki yake, asiye mrithi, apewe minazi sawa na fungu la binti mmoja. Tatizo ni hili: wasia hutolewa kabla ya kugawa, na fungu la binti halijulikani mpaka wasia utolewe. Kimoja chamngoja mwenziwe. Hapo ndipo wazee waweza kukadiria kwa macho, na anayepunjwa aweza kuwa mjane au binti.

Kwa njia ya Al-Khwarizmi, kisichojulikana kinapewa jina na kufanyiwa hesabu kana kwamba kinajulikana. Baada ya wasia, mke hupata thumni, sehemu 4 katika 32; kijana 14; kila binti 7. Wasia ukiwa sawa na sehemu 7, jumla ni 39. Minazi 390 kwa 39 ni 10 kila sehemu. Rafiki 70, mke 40, kijana 140, mabinti 70 kila mmoja. Wasia haukuvuka theluthi, na hakuna mnazi uliobaki bila mwenyewe.

Al-Khwarizmi alifariki yapata 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini, na hakuwa wa mwisho. Walatini wengi waliokifasiri waliiacha sehemu ya mirathi, kwa kuwa haikuwa sheria yao. Waislamu wa mwambao hawana udhuru huo. Ila hesabu hii yadai jambo moja kwanza: minazi yote ihesabiwe, pamoja na ile iliyo ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji.