Lau Makaratasi Yangaliwahi: Maisha ya Matt Busby

Kila tunapoadhimisha Uhuru, jarida letu hutenga kurasa chache kwa maisha ya mtu aliyekwisha tangulia mbele ya haki, ili watoto wetu wanaokulia huku wapate la kujifunza. Mara nyingi huwa ni mtu wa nyumbani. Mwaka huu tumemchagua Mskoti, Sir Matt Busby, meneja aliyeijenga Manchester United mara mbili. Tunajua wapo watakaonuna, maana katika jumuiya yetu hapa Uingereza kuna wa Arsenal, wa Liverpool na wa Chelsea, na ubishi wao tunausikia kila wikiendi. Wavumilie kidogo. Maisha ya mzee huyu yanahusu swali ambalo kila familia iliyohama hujiuliza usiku: ingekuwaje kama tusingeondoka? Kwake yeye swali liligeuka: ingekuwaje kama angeondoka?

Alizaliwa tarehe 26 Mei 1909 huko Orbiston, karibu na mji wa Bellshill, katika nyumba ya vyumba viwili ya wachimba makaa ya mawe. Hajatimiza miaka minane, baba yake aliuawa vitani Arras, Ufaransa, Aprili 1917. Mama yake, Nellie, akabaki na Matt na mabinti watatu. Kijana alipokua akaingia mgodini kama wanaume wote wa pale. Mama hakutaka mwanawe azeekee chini ya ardhi. Akaamua familia ihamie Marekani, kama walivyofanya wengi wa sehemu zile, akaomba viza. Akaambiwa asubiri. Wasomaji wetu wengi wanajua kusubiri huko kulivyo: kila siku unamwangalia tarishi, na kila siku anapita.

Ni katika miezi hiyo ya kungoja ndipo kabumbu lilipomchukua. Matt alikuwa akichezea timu ndogo ya Denny Hibs, na Februari 1928, akiwa na miaka 18, klabu ya Manchester City ikampa mkataba wa mwaka mmoja kwa pauni 5 kwa wiki. Uliwekwa na sharti: mwaka ukiisha, akitaka bado kwenda Marekani na mama yake, ataachiwa. Mwaka ukaisha, akabaki. Lau makaratasi yangaliwahi kwa miezi michache tu, huenda Matt Busby angekuwa mfanyakazi wa kiwanda fulani Marekani, na jina lake lisingejulikana nje ya mtaa wake.

Mwanzo wake City haukuwa mzuri. Alipangwa mbele, akashindwa, akaumia, akawaza kurudi kwao. Husimuliwa kwamba mwaka 1930 majirani zao, Manchester United, waliulizia bei yake, wakaambiwa pauni 150, wakakosa fedha. Baadaye City ikamrudisha nyuma kucheza kiungo wa kulia, na hapo ndipo akachanua. Mwaka 1934 alichukua Kombe la FA, na mwaka 1936 akauzwa Liverpool kwa pauni 8,000. Vita Kuu ya Pili ikaja, akaingia jeshini kama mwalimu wa mazoezi ya viungo.

Vita ilipokaribia kwisha, Liverpool walimwekea kazi ya kusaidia ukocha. Kazi ilikuwa ya uhakika na klabu ilikuwa imara. Ndipo rafiki yake wa zamani, Louis Rocca, aliyekuwa akiisakia United wachezaji, akamwandikia barua. Februari 1945 Busby alikutana na mwenyekiti wa United, James Gibson. Bwana huyu ndiye aliyeiokoa klabu Desemba 1931, ilipokuwa haina hata mishahara ya wachezaji ya Krismasi. Sasa klabu ilikuwa na madeni, na uwanja wake wa Old Trafford ulikuwa magofu, umepigwa mabomu ya Wajerumani tangu Machi 1941. Mechi zao za nyumbani walilazimika kuchezea Maine Road, uwanja wa City.

Mtu mwenye tahadhari angerudi Liverpool. Busby, mwenye miaka 35 na asiyewahi kufundisha klabu yoyote, alitoa masharti yake: mkataba uwe wa miaka mitano, na mambo ya timu ayaamue mwenyewe. Wakati ule wakurugenzi wengi ndio waliochagua nani acheze na nani asajiliwe. Gibson akakubali. Watoto mnaoona leo meneja akipanga timu yake mwenyewe, mjue desturi hiyo ilipiganiwa na watu kama huyu.

Akamchukua Jimmy Murphy wa Wales kuwa msaidizi wake, baada ya kumsikia akizungumza na askari huko Bari, Italia. Mwaka 1948 wakachukua Kombe la FA, na mwaka 1952 ubingwa wa ligi, wa kwanza kwa United tangu 1911. Wachezaji wake walikuwa wamezeeka. Badala ya kununua wengine waliokwisha komaa, Busby aliamua kulea watoto. Samaki mkunje angali mbichi. Kombe la FA la vijana lilipoanzishwa, United walilichukua miaka mitano ya mwanzo mfululizo, 1953 hadi 1957. Watoto hao hao wakapandishwa timu kubwa wakatwaa ubingwa wa ligi 1956 na 1957. Yupo aliyewapita wote, Duncan Edwards wa Dudley, aliyekuwa akiichezea Uingereza tangu akiwa na miaka 18. Real Madrid, mabingwa wa Ulaya, wakamtaka Busby awe kocha wao. Akawashukuru, akabaki na vijana wake.

Hapo tunafika kwenye uamuzi mzito kuliko yote. Mwaka 1955 Chelsea, waliokuwa mabingwa, walishauriwa na viongozi wa ligi wasiingie kwenye Kombe la Ulaya lililokuwa jipya. Wakatii. Mwaka uliofuata United wakapewa ushauri ule ule. Busby akakataa kuusikia, kwa kuwa aliamini mpira ulikuwa unakwenda mbali kuliko mipaka ya nchi moja. Wakaingia, wakafika nusu fainali. Msimu wa pili wakafika robo fainali dhidi ya Red Star, wakatoka sare ya 3-3 mjini Belgrade tarehe 5 Februari 1958, wakavuka.

Jumamosi walikuwa na mechi ya ligi. Safari ya kabla yake, kutoka Prague, walikuwa wamecheleweshwa na ukungu, kwa hiyo safari hii klabu ilikodi ndege yake. Ikatua Munich kutia mafuta. Kulikuwa na theluji. Rubani alijaribu kuruka mara mbili, akasimama. Mara ya tatu ndege ilikimbia juu ya uji wa theluji, ikakosa mwendo, ikapita mwisho wa njia na kugonga nyumba. Ndani walikuwa watu 44. Waliokufa ni 23, wanane kati yao wachezaji. Duncan Edwards alipigania roho siku 15, akafariki akiwa na miaka 21.

Busby alivunjika kifua, na padri akampa mpako wa wagonjwa mara mbili. Alipopata fahamu hakuna aliyethubutu kumwambia. Mwisho mkewe, Jean, ndiye aliyeibeba kazi hiyo: mume alitaja jina moja moja, na mke akaitikia kwa kichwa, huyu yupo, huyu hayupo.

Fikirini ni lau ngapi zilimzunguka mtu yule kitandani. Lau angeutii ushauri wa ligi. Lau ukungu usingewachelewesha ile safari ya Prague. Lau wangelala Munich usiku mmoja. Jimmy Murphy mwenyewe alinusurika kwa sababu alikuwa pia kocha wa Wales, na siku ile ya Belgrade Wales walikuwa na mechi Cardiff. Kiti chake cha kawaida kando ya Busby alikikalia kocha mwenzao, Bert Whalley, naye akafa. Busby alijiona ndiye aliyewapeleka watoto wa watu kwenye mauti. Alitaka kuacha mpira kabisa. Ni Jean aliyemrudisha, akimkumbusha kwamba vijana waliokufa wangependa kazi yao iendelee.

Wakati huo Murphy aliishika timu. Siku 13 baada ya ajali United walicheza na Sheffield Wednesday. Kwenye kijitabu cha mechi, nafasi za majina ya wachezaji wa United ziliachwa wazi, kwa maana hakuna aliyejua nani atacheza. Walishinda 3-0. Mei wakafika fainali ya Kombe la FA, wakafungwa na Bolton 2-0, na Busby alikuwepo uwanjani, akitembea na fimbo.

Kujenga upya kulichukua miaka kumi. Mwaka 1961, mwaka ule ule bendera ya Tanganyika ilipopanda, kijana wa miaka 15 kutoka Belfast aitwaye George Best aliwasili Manchester kufanyiwa majaribio. Hakumaliza siku mbili. Alizidiwa na upweke, akapanda meli akarudi kwa mama yake. Busby hakumkasirikia, alizungumza na baba yake, na baada ya siku chache mtoto akarudi. Wazazi wenzetu mliomleta mtoto huku akalia wiki nzima akitaka kurudi kwa bibi mtaelewa kwa nini jambo dogo kama hilo linafaa kukumbukwa.

Mei 1963 United nusura washuke daraja. Walikwenda Maine Road kucheza na City, nao wakiwa hatarini vilevile, wakatangulia kufungwa, kisha penalti ikawapa sare ya 1-1. City ndio walioshuka. Siku kumi baadaye United wakachukua Kombe la FA. Penalti moja ingekwenda nje, nani ajuaye kama Best, Denis Law na Bobby Charlton wangebaki pamoja? Walibaki, wakachukua ubingwa 1965 na 1967.

Kisha ikaja Wembley, tarehe 29 Mei 1968, fainali ya Kombe la Ulaya na Benfica. Hapo Afrika yetu nayo ilikuwepo: nyota wa Benfica alikuwa Eusébio, mtoto wa Msumbiji, mhamiaji kama sisi. Matokeo yakiwa 1-1 na dakika zikiyoyoma, alibaki yeye na golikipa Alex Stepney. Akapiga kwa nguvu zake zote, Stepney akaudaka. Eusébio akampigia makofi. Lau angeuweka pembeni kidogo tu! Katika muda wa nyongeza United walifunga mabao matatu, wakashinda 4-1. Charlton na Bill Foulkes, walionusurika Munich, walikuwa uwanjani. Mwaka huo Busby akapewa cheo cha Sir.

Tusimfanye malaika. Alipostaafu 1969 alimwachia timu Wilf McGuinness, kijana wa miaka 31, lakini yeye akabaki na ofisi yake pale pale Old Trafford. Wachezaji waliendelea kumwona yeye ndiye mkubwa. McGuinness hakudumu, na mwaka 1974 klabu ikashuka daraja, miaka sita tu baada ya kuwa mabingwa wa Ulaya. Kumkabidhi kijana usukani huku mkono wako ungali juu yake si kumkabidhi. Sisi wazee wa vyama vya huku tulisome hilo mara mbili.

Alijaliwa kuuona ubingwa wa ligi ukirudi 1993, chini ya Mskoti mwenzake Alex Ferguson. Alifariki tarehe 20 Januari 1994, akiwa na miaka 84, akazikwa Manchester kando ya Jean. Mama yake alikuwa ameomba viza ya kwenda mbali, na mwana akaishia kulala katika mji aliodhani anaupitia tu.

Watoto wetu, mkisikia wazazi wakisema lau tungebaki nyumbani, msidhani wanajuta. Lau haina mwisho, na hakuna aliyekuwa na lau nzito kuliko Busby. Tofauti yake ni kwamba kila ilipomjia aliitazama, akaiweka kando, akaenda kuwafundisha watoto mpira. Nasi hatuwezi kujua ni maisha gani tuliyoyaacha kule Tanga au Mwanza. Tunayajua haya tuliyo nayo huku, na watoto tuliopewa kuwalea.

Heri ya Uhuru kwenu nyote, hata nyinyi wa Arsenal.