James Herriot: munganga wa ngombe aliyeandika kazi yake

Hapa kwetu Kamalondo, karibu na uwanja wa TP Mazembe, hakuna mutoto asiyejua Robert Kidiaba. Golikipa anaweza kufurahisha muji muzima. Kule Uingereza kulikuwa golikipa mwingine, Jim Herriot wa timu ya Birmingham City, ambaye jina lake lilifika mbali kuliko mupira wake. Munganga moja wa nyama alimuona ku televizio akicheza vizuri sana na Manchester United. Akapenda lile jina, akalikamata, akaliandika juu ya kitabu chake. Hicho kitabu na vile vilivyokifuata vimeuzwa zaidi ya milioni 60.

Huyo munganga aliitwa Alfred Wight, lakini dunia inamujua kama James Herriot. Wasomaji wapendwa, wa posti ya asubuhi na wa posti ya usiku, pamoja na mama zetu wanaongojea ku nyumba, tusikie maisha yake. Alikuwa mutu wa kazi ya mikono sawa siye, na alifanya kitu kimoja ambacho siye tunafanya mara chache: aliandika kazi yake.

Alizaliwa tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 1916 mu muji wa Sunderland. Ule muji uliishi kwa kujenga mashua makubwa ya bahari na kwa kuchimba makaa ya mawe. Mugodi wa makaa ulikuwa ndani ya muji kabisa, sawa vile siye tunaona shemine na ule mulima mweusi wa Lubumbashi kutoka ku milango yetu. Mutoto hajamaliza hata mwezi moja, wazazi wakahamia Glasgow, mu Scotland. Baba yake alikuwa mufundi wa vyuma vya mashua. Mangaribi alipiga piano ku sinema, wakati sinema ilikuwa bado haina sauti. Kisha kazi ya mashua ikapunguka, na baba akajua kukaa bila kazi. Mama yake alikuwa anashona nguo za wanamuke wenye franga. Mashini ya mama ilisaidia sana kusomesha mutoto.

Ule mutoto alikuwa na imbwa jina lake Don, na aliipenda mingi. Siku moja akasoma mu gazeti ya vijana habari ya kazi ya veterineri, akasema mu roho yake kama hiyo njo kazi yake. Akaingia masomo ya veterineri ya Glasgow. Diploma alipata mwezi wa 12 mwaka 1939, vita imekwisha kuanza. Yeye aliwaza atatunza imbwa za watu wa muji, mu nyumba safi, na nguo nyeupe. Lakini mwaka 1940 akapata kazi Thirsk, muji mudogo wa wakulima mu jimbo la Yorkshire, kwa mukubwa wa kazi aliyeitwa Donald Sinclair. Kule hakukuwa imbwa za salon. Kulikuwa ngombe, farasi, kondoo na matope.

Tuone kazi yenyewe. Usiku wa katikati simu inalia: ngombe inashindwa kuzaa. Anatoka ku kitanda, anaendesha motokari mu baridi kali. Anafika, anavua shati, anapakaa sabuni ku mukono, analala chini juu ya mawe ya zizi. Mukono wote unaingia ndani ya ngombe, anatafuta muguu ya mutoto. Saa inapita, mukono unakufa ganzi. Mwenye ngombe amesimama pembeni na taa, hasemi kitu, maana ile ngombe njo mali yake yote. Ikikufa, watoto wake watalala njaa. Mwishoni mutoto wa ngombe anatoka, mama yake anamulamba, na munganga anaenda ku nyumba bila hata mutu kumupa kikombe cha chai.

Watu wa mugodi wanajua usiku wa namna ile.

Mwaka 1941 alioa Joan Danbury. Sasa sikia hii. Ile juma ya kwanza ya ndoa, wakati wengine wanapumuzika, yeye alipeleka bibi yake mu milima kupima ngombe za wakulima kama ziko na ugonjwa wa kifua kikuu. Bwana anapima, bibi anaandika namba. Hiyo njo ilikuwa honimuni yao! Na waliishi pamoja mupaka kifo. Walizaa watoto wawili, Jim na Rosie. Jim akakuwa veterineri sawa baba yake, Rosie akakuwa munganga wa watu.

Kazi ilimupa pia ugonjwa wake. Ngombe zilimuambukiza ugonjwa ambao wanganga wanaita bruseloze. Unarudi mara kwa mara na homa kali. Ni ugonjwa wa kazi, sawa vile vumbi ya jiwe ni ugonjwa wetu siye. Aliona tena kazi ikibadilika mbele ya macho yake: trakta zikafukuza farasi mu mashamba, na nyuma ya vita dawa mupya kama penisilini zikaweka ku kando dawa za zamani za wazee.

Iko jambo lingine, na watu wengi walilijua nyuma ya kifo chake, wakati mwana wake aliandika maisha ya baba. Karibu na mwaka 1960 roho ya huyu mutu ilianguka kabisa. Huzuni ilimushika mupaka akatunzwa ku hospitali. Ule anayechekesha wenzake ku kazi kumbe anaweza kubeba muzigo hakuna anayeuona. Wandugu wa sendika, tukumbuke hilo wakati mwenzetu mwenye kuchekesha ananyamaza.

Miaka mingi alikuwa anamuambia bibi yake kama siku moja ataandika kitabu. Alikuwa anafika miaka 50 wakati Joan alimucheka: mutu wa umri ule hataanza tena kuandika. Basi akaenda kununua karatasi. Kila mangaribi, kisha kazi, alikaa mbele ya televizio na jamaa yake, akaandika. Habari zake za kwanza zilirudishwa na wachapaji. Hakuacha. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1970. Jina lake mwenyewe hakuweza kutia, kwa sababu sheria ya maveterineri ilikataza mutu kujitangaza, njo maana akaazima jina la golikipa. Uingereza kiliuzwa kidogo tu. Lakini mwaka 1972 Wamarekani waliunganisha vitabu viwili kuwa kimoja, na moto ukawaka. Sinema ikafuata, na tangu mwaka 1978 televizio ya BBC ikaonyesha habari zake kila nyumba.

Sasa tujiulize: kwa nini mutu wa New York au wa Tokyo, ambaye hajashika mukia wa ngombe hata siku moja, analia na kucheka mu kitabu cha veterineri wa kijiji?

Ya kwanza, yeye hajifanyi mukubwa. Mu vitabu vyake njo yeye anayeanguka mu mavi, njo yeye farasi inamupiga teke, njo yeye mukulima anamuambia kama munganga mwingine anajua kazi kumupita. Tunacheka yeye, hatucheki masikini.

Ya pili, wakulima wake ni watu kamili. Wako wagumu, wako wachoyo, wako wenye roho safi. Iko mama tajiri mwenye kaimbwa kadogo kanaitwa Tricki Woo. Anakapa keki na vitamu mupaka kananenepa, hakatembei tena. Munganga anakapeleka kwake, anakanyima chakula, anakaacha kakimbie na imbwa zingine. Kanapona. Lakini mama, kwa huruma, anatuma mayai na pombe ya bei kali kila siku kwa mugonjwa, na wanganga wanakula na kunywa, hawana haraka ya kumurudisha! Unacheka, lakini unaona pia mama mwenye kukaa peke yake, ambaye hana mutu mwingine wa kupenda.

Ya tatu, hadanganyi juu ya kifo. Mara zingine ngombe inakufa, na dawa haina nguvu, na inabaki kumuambia mwenye ngombe ukweli.

Ni kweli aligeuza mambo mengine. Thirsk aliiita Darrowby, Sinclair alimuita Siegfried, na habari za miaka ya nyuma alizirudisha zamani, mbele ya vita. Alificha majina kusudi mutu asipate haya kwa jirani. Lakini baridi, jasho na harufu ya zizi havikugeuzwa.

Franga ilipokuya mingi, hakuhama. Alibaki kule Thirsk, akaendelea kutunza nyama za watu miaka mingi tena, na akaendelea kupenda timu ya Sunderland, muji alikozaliwa. Alikufa tarehe 23 mwezi wa 2 mwaka 1995, na miaka 78. Mwaka 1997 Sunderland walifungua uwanja mupya wa mupira, juu ya kiwanja cha ule mugodi wa makaa uliofungwa mwaka 1993. Inje ya uwanja waliweka sanamu ya taa ya wachimbaji, kusudi watoto wasisahau nani alitumika chini ya ile nchi.

Na siye je? Lubumbashi haijakosa mufano. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha hapa hapa, habari ya muji wa Elisabethville sawa vile maboyi wa nyumba za wazungu waliiona. Walikuwa wapishi na wafua nguo, na leo wenye masomo makubwa wa inje wanasoma kazi yao.

Habari ya mugodi imeandikwa pia, lakini na wengine: tani ngapi za shaba, tani ngapi za kobalti, faida kiasi gani. Ile hesabu haionyeshi kapita aliyekuwa na roho nzuri, wimbo wa kushuka mu shimo, ao mwenzetu aliyekufa na chakula chake bado kimefungwa. Wazee wenye kujua hayo wanakwisha mumoja mumoja, na kila maziko inafunga kitabu kisichoandikwa.

Kwa hiyo, watoto wenye kusoma, mukamate kaye moja na biki moja, mukae karibu na babu. Mumuulize siku yake ya kwanza ku kazi ilikuwa namna gani, kitu gani kiliwachekesha mule chini, nani alimufundisha, na nani hakurudia. Muandike sawa anavyosema, kwa Kiswahili chetu, bila kumusahihisha. Musingojee kesho.