Eliana Pavlova, mkimbizi aliyewafundisha Wajapani baleti

Eliana Pavlova alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 mjini Tbilisi, ambao leo ni mji mkuu wa Georgia lakini wakati huo ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Mapinduzi ya 1917 yalipoangusha ufalme huo, yeye, mama yake Natalia na mdogo wake Nadezhda walikimbilia mashariki, na miaka michache baadaye wakawa Japani. Mwishoni mwa 1921 serikali mpya ya Urusi ikawavua uraia waliokimbilia nje. Mfanyabiashara aliyewahi kuzuiwa mpakani kwa kukosa karatasi anaweza kuelewa hali yao, ila wao hawakuwa hata na kwao pa kurudishwa.

Mtaji uliobaki ulikuwa miguu. Baleti ni mchezo wa jukwaani usio na maneno: hadithi husimuliwa kwa mwili na muziki, na wanawake husimama juu ya ncha za vidole wakiwa na viatu maalumu. Japani ilikuwa na michezo yake ya jukwaani ya karne nyingi, lakini baleti ilikuwa bidhaa ngeni. Mwaka 1922 Anna Pavlova, nyota wa Urusi aliyejulikana duniani kote, alizuru nchi hiyo na kuamsha hamu kubwa. Watu wengi huwachanganya wawili hawa kwa sababu ya jina. Hawakuwa ndugu, na Eliana hakuwa nyota wa kiwango hicho. Tofauti iliyoleta matokeo ni kwamba Anna alicheza akaondoka, Eliana akabaki.

Mwaka 1927 alifungua shule Shichirigahama, ufukweni mwa mji wa Kamakura, kusini mwa Tokyo. Inahesabiwa kuwa shule ya kwanza ya baleti nchini humo. Baadhi ya wanafunzi waliishi humo humo, wakijifunza kazi kwa kukaa na mwalimu. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Yusaku Azuma, Akiko Tachibana, Yaoko Kaitani, Chieko Hattori na Hiroshi Shimada. Hata hao wanafunzi wawili wa mwisho walikuwa watu wa mipakani: Hattori alikuwa Mjapani aliyezaliwa Vladivostok, Urusi, na Shimada alizaliwa Korea, wakati huo ikiwa koloni la Japani. Baadaye walioana.

Mwaka 1937 Eliana alipata uraia wa Japani na kuchukua jina la Eriko Kirishima. Baada ya miaka mingi ya kuishi bila nchi, akawa na karatasi. Lakini mwaka huo huo Japani iliingia vita kamili na China, na Desemba jeshi lake liliteka Nanjing na kuua raia na mateka kwa wingi wa kutisha. Mwaka 1941 Eliana alipelekwa China kuwatumbuiza wanajeshi wa Japani. Aliugua katika safari hiyo, akafia Nanjing. Ni sehemu ngumu ya maisha yake kuisimulia: mkimbizi wa vita moja alifia katika mji uliotekwa, akiwaburudisha walioushika.

Shule ilibaki kwa Nadezhda. Wanafunzi waliokwisha kujitegemea walikuwa na vikundi vyao, na vita vilipokwisha mwaka 1945 hakuna hata kimoja kilichokuwa na wachezaji wa kutosha kwa onyesho kubwa. Wakaunganisha nguvu, washindani wakiwa jukwaa moja, na kujiita Tokyo Ballet. Masahide Komaki, Mjapani aliyejifunza kwa wakimbizi wa Kirusi mjini Harbin na kucheza na kikundi chao Shanghai, ndiye aliyewaongoza. Agosti 1946, Tokyo ikiwa bado magofu na chakula kikigawiwa kwa mgawo, walionyesha Ziwa la Bata Maji la Tchaikovsky katika Ukumbi wa Teikoku. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kazi hiyo kuonyeshwa nzima nchini Japani. Kaitani alikuwa miongoni mwa waliocheza malkia wa bata maji. Umoja huo haukudumu. Kila mmoja akarudi kwenye kikundi chake.

Mwaka 1956 Tachibana na binti yake Asami Maki walianzisha kikundi kinachoitwa kwa jina la binti huyo. Hadi leo kinacheza Ziwa la Bata Maji, na pia Notre-Dame de Paris ya Mfaransa Roland Petit. Serikali ya Japani ilipofungua Ukumbi Mpya wa Taifa mjini Tokyo mwaka 1997, kikundi chake cha baleti kilihitaji mkurugenzi wa kwanza wa sanaa. Nafasi hiyo alipewa Shimada, mzaliwa wa Korea aliyepita katika shule ya Shichirigahama. Shule yenyewe haipo tena. Mahali pake pamewekwa mnara wa kumbukumbu unaopataja kuwa ndipo baleti ya Japani ilipozaliwa.