Waiyaki na barabara isiyompisha mwenye baiskeli

Mtu atokaye katikati ya jiji la Nairobi kwa baiskeli Jumapili alfajiri, kabla matatu hazijaanza kugombea abiria, akapita Museum Hill na kushika njia ya Westlands, Kangemi na Kikuyu, huwa amepanda juu ya jina la marehemu. Barabara hiyo ni Waiyaki Way. Maelfu hulitaja jina hilo kila asubuhi na jioni, na sidhani kama mmoja kati ya kumi hujiuliza mwenyewe alikuwa nani.

Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa kusini, upande wa Dagoretti, zamani ambapo Nairobi haikuwa mji. Reli haikufika hapa hadi mwaka 1899. Nchi yake ilikuwa mpakani mwa Wakikuyu na Wamaasai, na misafara iliyotoka pwani ilipita huko kununua chakula. Oktoba 1890 alifika Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza iliyojitwalia biashara ya Afrika Mashariki, akiwa safarini kwenda Uganda. Wawili hao wakachanjiana wakawa ndugu wa damu, na mgeni akaruhusiwa kujenga boma.

Undugu huo haukuzaa matunda. Lugard alipokwenda zake, watu wa boma walianza kupora mazao ya wenyeji, chuki ikapanda, na mwaka 1891 boma likahamwa na kuharibiwa. Kampuni ilirudi mwaka uo huo ikajenga ngome ya Fort Smith huko Kabete. Agosti 1892 Waiyaki aliingia ngomeni usiku kumkabili msimamizi, Purkiss. Ugomvi ukazuka, akajeruhiwa kichwani, akatiwa minyororo. Kisha akaongozwa kuelekea pwani, asiione tena nchi yake. Alifia Kibwezi mwezi wa Septemba.

Wazee wengi wa Kikuyu walisimulia kwamba alizikwa angali hai, kichwa kikiwa chini. Maandishi ya Wazungu hayasemi hivyo. Kwangu mimi, mtu aliyechanjiana na mgeni akaishia katika minyororo ya wenzi wa mgeni huyo hahitaji kuongezewa lolote ili tumlilie. Ngugi wa Thiong'o naye alimpa jina la Waiyaki kijana wa riwaya yake ya mwaka 1965, riwaya ambayo mto ndio unaotenganisha vilima viwili.

Na mto tunao. Mto Nairobi huchimbuka katika kinamasi cha Ondiri, mjini Kikuyu, ukateremka kupitia Dagoretti, Kawangware na Chiromo hadi mjini. Basi kutoka jiji letu hadi nchi ya Waiyaki kuna njia mbili: moja ya lami yenye jina lake, na nyingine ya maji aliyoyajua yeye. Ya kwanza, mwenye baiskeli huipita roho mkononi, akisukumwa mtaroni na malori. Ya pili haina njia ya kueleweka. Utakuta ukuta, kisha jaa la taka, kisha ukuta tena.

Huko Uingereza na Ufaransa ipo mifereji ya kale iliyochimbwa kwa ajili ya mashua za mizigo. Farasi walizivuta wakitembea ukingoni. Biashara ile ilipokufa, watu hawakuzijengea zile kingo: leo wazee kwa watoto huziendea kwa baiskeli polepole, wakipumzika kwenye malango ya maji. Sisi hatukuchimba mfereji, lakini mto wetu umekwisha kujichimbia njia, tena bila gharama.

Kila serikali imeahidi kuusafisha mto huu. Nashangaa kwamba katika ahadi hizo ujia mwembamba wa baiskeli, kutoka Chiromo hadi Ondiri, haupewi nafasi ya kwanza. Mahali watu wanapopita kila siku, mtupa taka huona haya. Mpanda baiskeli angefika juu, akaegemeza chombo chake kando ya matete, akatazama maji yakianza safari ya kuelekea mjini, bila kukanyaga hata hatua moja ya Waiyaki Way.